Dreamliner Tumezinunua, Marubani Tutawafundishia Wapi?

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh, Guangzhou ni jiji la mzigo. Ni vigae, nguo, vipuri, samani na simu. Ni mitaa ya Xiaobei ambako Kiswahili husikika madukani na migahawani. Ni kontena la kufuatilia na viza ya kuchunga isipitwe na siku. Njia ya kufika huko imekuwa nyepesi kuliko zamani. China Southern ilifungua safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi mwaka 2015, Ethiopian Airlines huwapitisha wengi Addis Ababa, na Air Tanzania nayo imeiingiza Guangzhou katika safari za Dreamliner zake. Mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa sababu ya UVIKO-19, uwanja wa ndege wa Baiyun ulio jijini humo ulivipita viwanja vyote duniani kwa idadi ya abiria, zaidi ya milioni 43. China Southern yenyewe, ambayo makao yake makuu yako hapo, ni kati ya mashirika makubwa kabisa ya ndege barani Asia. Lakini kuna jambo ambalo wasafiri wetu hawalioni wanapokaa vitini, nalo linatuhusu kuliko bei ya tiketi: kwa miaka mingi shirika hilo lilipeleka sehemu ya marubani wake kujifunzia kuruka Merredin, mji mdogo wa wakulima wa ngano huko Australia Magharibi, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani kwao.

Chuo cha shirika hilo huko Australia kilianzishwa mwaka 1993, kikiwa na viwanja viwili, Jandakot kusini mwa Perth na Merredin, kilomita 260 hivi kuelekea bara. Vijana walifika wakiwa hawajawahi kugusa usukani wa ndege, wakafundishwa kwenye ndege ndogo za injini moja, wakazoea Kiingereza cha redioni, kisha wakarudi China kuanza masomo ya ndege kubwa. Sababu ya safari hiyo haikuwa ufukara, na walimu hawakukosekana kabisa. China ina chuo kikuu cha urubani wa kiraia huko Guanghan, mkoani Sichuan, tangu mwaka 1956, nacho kimetoa sehemu kubwa ya marubani wa nchi hiyo. Mashirika yalipoanza kuagiza ndege kwa mamia, kilichokosekana ni nafasi ya kuruka. Sehemu kubwa ya anga ya China iko mikononi mwa jeshi, na kwa miongo kadhaa ndege ndogo iliyotaka kupaa, hata kwa mazoezi ya nusu saa, ilihitaji vibali ambavyo mkulima wa Merredin mwenye ndege yake shambani hajawahi kuviota. Dai langu ni hili: nchi inayonunua ndege kubwa bila kuifungua anga yake ya chini kwa wanafunzi wa urubani imenunua nusu ya usafiri wa anga, na nusu iliyobaki italazimika kuikodi kwa wengine kila mwaka. Guangzhou imetuonyesha hivyo kwa gharama yake, nasi wa Afrika Mashariki tunaifuata njia ileile huku tukiwa na kitu ambacho Guangzhou ilikikosa.

Asidhani mtu kwamba watu wa huko hawakuwa na moyo wa kuruka. Feng Ru, mzaliwa wa Enping katika mkoa wa Guangdong, aliirusha ndege aliyoiunda mwenyewe kule Oakland, California, Septemba 1909, miaka sita tu baada ya ndugu Wright. Mwaka 1911 alirudi kwao na kazi yake, na tarehe 25 Agosti 1912 alianguka na kufa akiwaonyesha watu ndege yake katika uwanja wa Yantang, Guangzhou. Akazikwa Huanghuagang, walikolazwa mashujaa wa mapinduzi. Sun Yat-sen aliamini kuwa ndege zingeliokoa taifa, na mwaka 1924 shule ya urubani wa kijeshi ikafunguliwa Dashatou, kando ya mto, ndani ya jiji hilohilo. Fedha nazo zilipopatikana hazikufichwa. Kampuni za China zilinunua kiwanda cha injini cha Continental na kiwanda cha ndege cha Cirrus, vyote vya Marekani, mwaka 2011. Baadaye kampuni ya Wanfeng ikaichukua Diamond ya Austria, ambayo ndege zake zimejaa katika vyuo vya urubani ulimwenguni. Hata hivyo Marekani ina ndege ndogo zaidi ya 200,000 zinazoruka, na China, yenye watu mara nne, ina elfu chache. Viwanda vinauzwa sokoni, anga haiuzwi. Inafunguliwa kwa uamuzi wa serikali. Beijing wenyewe walikiri hivyo mwaka 2010, Baraza la Serikali na Kamati Kuu ya Kijeshi walipotangaza mageuzi ya anga ya chini, na tena Machi 2024, uchumi wa anga hiyo ulipotajwa katika ripoti ya waziri mkuu mbele ya bunge kuwa chanzo kipya cha ukuaji.

Lakini kwa nini ndege ndogo iwe na uzito wote huu? Cessna 172, ambayo marubani wengi duniani wameigusa, ina viti vinne, injini moja na vyombo ambavyo mwanafunzi anaweza kuvielewa vyote. Kwa sababu hiyo haimfichi kitu. Akiinua pua kupita kiasi mwendo unapungua, usukani unalegea mikononi, king'ora cha onyo kinalia, bawa linaacha kubeba, na ndege inazama huku akiisikia tumboni. Mkufunzi humrudisha katika hali hiyo mara nyingi, kwa makusudi, wakiwa juu vya kutosha, hadi mkono wake uzoee kushusha pua kabla hofu haijamtawala. Kisha huja upepo wa ubavuni wakati wa kutua, kusoma mawingu, kukadiria mafuta, kupotea na kujitafuta kwa mto, reli na ramani. Na siku mkufunzi anaposhuka, akafunga mlango na kumwambia azunguke uwanja peke yake, mwanafunzi hukutana na jambo ambalo darasa haliwezi kumpa: anaamua mwenyewe, na uamuzi huo umebeba maisha yake. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinataka angalau saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi na saa 200 kwa leseni ya rubani wa biashara, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Saa hizo zinahitaji mahali pa kurukia, na mahali penyewe ndipo penye hoja.

Ushahidi wa thamani ya mkono wa rubani umeandikwa katika ripoti za ajali, na lazima usomwe kwa uangalifu. Tarehe 6 Julai 2013 Boeing 777 ya Asiana kutoka Seoul iliugonga kwa mkia ukuta wa bahari ilipokuwa ikitua San Francisco, mchana, hali ya hewa ikiwa shwari. Mtambo wa ardhini unaoonyesha mteremko wa kutua ulikuwa umezimwa kwa ajili ya ujenzi, hivyo marubani walipaswa kuishusha ndege kwa macho; mwendo ukaanguka chini ya kiwango na wakachelewa kugundua. Abiria watatu walikufa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilieleza kuwa marubani walikuwa wameitegemea mno mitambo ya kujiendesha ambayo hawakuielewa sawasawa. Aliyeshika usukani alikuwa na saa zaidi ya 9,000. Miaka minne kabla yake, Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na watu 50 wakafa. Ilipoanza kupoteza uwezo wa kubeba, rubani mkuu alivuta usukani badala ya kuusukuma. Bunge la Marekani likatunga sheria inayomtaka rubani msaidizi wa ndege za abiria awe na saa 1,500, ingawa wote wawili katika ndege ile walikuwa wamekwishaivuka idadi hiyo. Sisemi kwamba ndege ndogo ingewaokoa watu hao; hakuna awezaye kulithibitisha. Ninachokiona ni kwamba saa za kuitazama mitambo ikifanya kazi haziujengi mkono, na mkono uliojengwa ujanani husahau usiporudishwa kazini. Kijana wa Guangzhou aliyefundishwa Australia aliigusa ndege ndogo mwaka mmoja au miwili, akarudi kwenye nchi isiyokuwa na pa kuigusia tena, labda kwa maisha yake yote. Rubani wa Marekani au wa Australia akitaka, Jumamosi anakodi Cessna na kwenda kujikumbusha.

Hapa ndipo ninapotuona sisi. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam Julai 2018, Airbus A220 zikafuata mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 2023 zikaja Boeing 767 ya mizigo na Boeing 737 MAX. Kila moja ilipokewa kwa sherehe, na mimi naona furaha ile ilikuwa halali. Sherehe za kupokea ndege za mafunzo hazina umati wa namna hiyo. Na hilo ni katika ukanda ambao ulianza mapema mno. Klabu ya urukaji ya Afrika Mashariki, Aero Club, iliundwa Nairobi mwaka 1927. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929, na jina lake limebaki kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, ambao hadi leo una vyuo vingi vya urubani kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Mwaka 1971 Kenya, Uganda na Tanzania, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na ICAO, zilifungua chuo cha pamoja cha urubani Soroti, mashariki mwa Uganda, kwenye nchi tambarare mbali na msongamano wa Entebbe. Mahali palichaguliwa kwa akili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, chuo kikabaki mzigo wa nchi moja iliyokuwa na matatizo mazito kuliko ndege, na hakijarudia hadhi yake, ingawa jina lake bado linaibeba Afrika Mashariki. Tanzania nayo, kupitia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, imekuwa ikijenga kituo cha mafunzo ya anga kwa fedha za Benki ya Dunia. Ni hatua njema, lakini peke yake haitoshi kwa mahitaji ya ukanda mzima.

Tulicho nacho, ambacho matajiri wa Guangzhou hawakuweza kukinunua, ni kazi halisi ya ndege ndogo. Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda Serengeti na Masai Mara, zinazovuka kila siku kati ya Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mafia, na madaktari warukao wa AMREF walioanza Nairobi mwaka 1957: huo ni mlolongo wa ajira ambamo rubani mwenye saa 200 anaweza kukua hadi saa 1,500 akitua kwenye viwanja vya changarawe, akichunga swala wasiingie njiani, akizikwepa radi za Ziwa Victoria. China ilibidi imtoe kijana chuoni na kumweka moja kwa moja kwenye kiti cha kulia cha Airbus. Sisi tunayo ngazi, ila tumeing'oa vipandio vyake vya chini.

Watakaonipinga wataanza na gharama: kwa nini tujisumbue wakati Afrika Kusini inafundisha vizuri, lugha ni Kiingereza na hali ya hewa ni nzuri? Kwa kijana mmoja mwenye mfadhili, hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi. Kwa nchi, haiko sahihi. Ada inayolipwa huko kwa fedha za kigeni humlipa mkufunzi wa huko, fundi wa huko na mwongoza ndege wa huko. Sisi tunarudishiwa cheti. Machi 2020 Australia ilipowafungia mipaka wageni, wanafunzi wapya hawakuweza kuingia tena, na kila shirika lililotegemea anga ya mwenzake likajikuta linasubiri ruhusa ya mwenye nyumba. Tena kuna somo ambalo halisafirishwi. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri yenye joto, hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na bawa hupungukiwa cha kushika. Ndege ndogo iliyojaa inakula njia ya kurukia hadi karibu mwisho. Aliyejifunzia pwani ya Perth au ya Gqeberha (Port Elizabeth ya zamani) amesoma jambo hilo kitabuni. Aliyejifunzia Nairobi, Arusha au Mbeya amelibeba mikononi tangu wiki ya kwanza.

Wengine watasema mashine za kuigiza urukaji zimemaliza kazi. Ni kweli kwamba zimeleta manufaa makubwa: moto wa injini au kufeli kwa mitambo ya majimaji ni mambo ambayo hakuna mwenye akili angeyafundisha angani. Na tangu mwaka 2006 ICAO imekubali aina ya leseni inayomwandaa mwanafunzi kuwa rubani msaidizi katika saa 240, nyingi zikiwa ndani ya mashine hizo. Lakini hata leseni hiyo haikuifuta ndege halisi; imeibakiza mwanzoni, kwa kuwa waliotunga viwango walijua mashine haina upepo unaobadilika ghafla, haina mwenzako anayekukatiza redioni, na mwanafunzi anajua kuwa akikosea atabonyezewa kitufe aanze upya. Mashine ya daraja la juu pia inagharimu mamilioni ya dola. Kwa fedha ya moja unapata ndege ndogo za kutosha chuo kizima na hangari lake.

Pingamizi zito zaidi linatoka Guangzhou kwenyewe. EHang, kampuni ya jiji hilo, ilipewa cheti na mamlaka ya anga ya China tarehe 13 Oktoba 2023 kwa ajili ya EH216-S, chombo cha umeme chenye viti viwili vya abiria na kisicho na kiti cha rubani kabisa. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: iwapo mji huo unarusha watu bila rubani, kwa nini sisi tuanze leo kujenga vyuo vya marubani? Nakiheshimu chombo hicho, na sidhani kuwa ni mchezo. Ila safari yake ni ya kilomita 30 hivi, katika njia iliyopangwa mapema, juu ya jiji lenye mtandao wa mawasiliano kila kona, huku watu wakiifuatilia kutoka chumba cha udhibiti ardhini. Dar es Salaam hadi Mafia ni mara nne ya umbali huo, na sehemu ya njia iko juu ya maji. China Southern ya mji huohuo bado inaweka marubani wawili mbele ya kila ndege ya abiria, na sheria za kimataifa zitaendelea kuwadai hao wawili kwa muda ambao kijana anayeingia kidato cha tano leo ataumaliza akiwa nahodha. Na iwapo vyombo visivyo na rubani vitafika kwetu, nani atavipangia njia, atavikagua na kuvikatalia kupaa siku ya dhoruba? Kazi hiyo itamtaka mtu anayeijua hewa kwa kuwa amewahi kuwa ndani yake.

Usalama siwezi kuupitia juu juu. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Diani. Mkufunzi na mwanafunzi wake walikufa. Dash 8 yenye watu 44 ilirudi ikatua salama. Anayesema kwamba mafunzo juu ya mji ni hatari ana ushahidi mkononi, na familia mbili zililipa. Kwa maoni yangu jibu lake liko katika ramani. China haifundishi wanafunzi wa mwanzo juu ya Baiyun. Inawapeleka Guanghan na viwanja vingine vya aina hiyo. Waasisi wa chuo cha Soroti waliliona hilo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kuzunguka uwanja mara thelathini kwa siku kunafaa kufanyika mahali ambapo njia ya kurukia haigombewi na ndege za ratiba, na Afrika Mashariki imejaa viwanja vya serikali vinavyopokea ndege chache kwa siku: Soroti, Tabora, na vingine vingi.

Yupo pia atakayesema urubani ni ndoto ya watoto wa matajiri, na fedha ya umma ina madawati na zahanati za kujenga. Kwa hali ilivyo sasa, ni ndoto yao kweli, maana mzazi ndiye anayelipa kila saa. Kilichowapa nafasi vijana wa Guangdong wasio na kitu ni kinyume cha hilo: shirika liliwachagua kwa mtihani, likawalipia, nao wakafungwa kwa mkataba wa kulitumikia. Ethiopian Airlines imejenga chuo chake, inafundisha marubani wake kwenye ndege ndogo nchini mwake, na inauza nafasi kwa mataifa mengine, yetu yakiwemo. Ikiwa Ethiopia imeweza, Jumuiya ya nchi nane haina hoja ya umaskini.

Kuanza hakuhitaji maajabu. Soroti irudishwe kuwa mali ya Jumuiya, kila nchi ichangie kwa idadi ya wanafunzi inaowapeleka, na mashirika yanayotumia fedha za umma yawajibike kuwachagua vijana kwa mtihani wa wazi na kuwalipia kwa mkataba. Ada za kutua za ndege za mafunzo zifutwe katika viwanja vyenye safari chache. Mafuta ndiyo kikwazo ambacho wanaopanga kutoka ofisini husahau: ndege nyingi za zamani za mafunzo hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo katika viwanja vyetu vingi haipatikani, na ikipatikana bei yake inaua chuo. Diamond DA40, ya kampuni ileile iliyonunuliwa na Wachina, ina toleo linalotumia mafuta ya ndege kubwa, Jet A-1, ambayo yapo Entebbe, Mwanza, Kisumu na Dodoma. Wajumbe wetu wanaokwenda Beijing kuomba barabara na madaraja wanaweza kuziweka ndege 20 za aina hiyo kwenye orodha yao.